Cha Kuazima na Cha Kutoguswa

Tarehe 6 Aprili 1868, katika jumba la kifalme la mji wa Kyoto, kijana wa miaka 15 aliyeitwa Mutsuhito, ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina la enzi yake, Meiji, alihudhuria ibada ambayo ndani yake waziri wake, Sanjo Sanetomi, alisoma kwa niaba yake kiapo cha vifungu vitano. Waandishi wengi wa tarehe hukihesabu kiapo hicho kuwa waraka wa siasa, na kifungu wanachokipenda kuliko vyote ni kile cha mwisho, kinachoagiza kwamba maarifa yatafutwe kote duniani. Walakini aghalabu yao hupita upesi juu ya jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini, nalo ni kwamba kiapo kile kilielekezwa kwa miungu ya mbingu na ardhi, kikasomwa mbele ya sadaka, huku makabaila na watawala wa majimbo wakishuhudia, na kwamba kifungu chenyewe hakiishii kwenye maarifa bali chaendelea kueleza sababu ya kuyatafuta, yaani misingi ya kiti cha enzi ipate kuimarika. Mageuzi yaliyoishangaza karne ile yalianza, basi, kwa dua. Na katika dua hiyo kulikuwa na kitu kimoja kilichoruhusiwa kuazimwa bila mpaka na kitu kimoja kisichoruhusiwa kuguswa abadani.

Hapa Sirisia, chini ya Mlima Elgon, suala la nini kiazimwe kwa mgeni na nini kisiguswe halikupata kuamuliwa na mfalme, maana Wabukusu hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wa koo, na walikuwa na Wele Khakaba, Muumba na Mgawaji wa vyote, na kati ya Wele na watu walikuwako misambwa, mizimu ya wahenga, iliyotambikiwa nyumbani. Mtu akisoma habari za Japani kutoka mahali kama hapa hushawishika kuuliza kwa husuda kidogo kwa nini wao waliweza na sisi hatukuweza. Swali hilo ni halali, lakini si ndilo zito. Zito zaidi ni la dini: je, yafaa mtu, au taifa, kutenga jambo moja na kulifanya lisihojiwe, ili mengine yote yapate kubadilika kwa usalama?

Kwanza nilitaje lile la husuda, kwani lina jibu fupi. Mwezi wa Aprili 1895 Japani ilitia sahihi mkataba wa Shimonoseki, ikiwa imekwisha kuishinda China kwa manowari na kwa jeshi lililofunzwa kwa mtindo wa Ulaya. Na mwezi wa Agosti mwaka uo huo, Wabukusu waliojihifadhi ndani ya ngome zao za udongo za Lumboka na Chetambe walishindwa na jeshi la Hobley, afisa wa Kiingereza, ambalo ndani yake mlikuwa na askari wa Kisudani pamoja na wasaidizi wa Kiganda na wa Kiwanga. Haikuwa kwamba Wabukusu walizidharau silaha za kigeni, hasha. Bunduki walikuwa nazo chache, na bunduki hizo zilikuwa miongoni mwa sababu za ugomvi. Kilichowapungukia ni muda. Tangu merikebu za kivita za Perry, Mmarekani, zilipoonekana katika ghuba ya Edo mwaka 1853 hadi mkataba ule wa Shimonoseki ilipita miaka 42. Tangu msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita nchi ya Wabukusu mwaka 1883 hadi kuanguka kwa Chetambe ilipita miaka 12. Wajapani walipata nafasi ya kumchungulia mgeni, kumhoji, kumwajiri kwa mshahara na kumrudisha kwao mkataba wake ulipokwisha. Hata wakathubutu kuwatuma wakubwa wao, chini ya Iwakura Tomomi, wazunguke Marekani na Ulaya kuanzia Desemba 1871 hadi Septemba 1873 wakikagua viwanda, mabunge, magereza na shule kama wanunuzi sokoni wapimavyo nguo kabla ya kutoa fedha.

Msomaji wa pwani atanikumbusha Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, naye akasafiri hadi London mwaka 1875, akaleta maji ya mfereji mjini, akaleta matbaa ya Kiarabu, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Ni kweli, na naamini kwamba kwa shauku na kwa ukunjufu wa fikra Barghash hakuwa nyuma ya Meiji hata shubiri moja. Lakini mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliketi zikaipima bara yake kwa rula, zikamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda ndani. Na mtawala ambaye ardhi yake hugawanywa na wengine hawezi kuchagua cha kuazima, ijapokuwa nyumba yake ina taa za umeme.

Hilo la husuda na liishie hapo.

Tuingie katika lile la madhabahu. Mfalme Meiji hakuyabuni mageuzi yeye mwenyewe. Waliobuni na kutenda ni watu kama Okubo Toshimichi, Kido Takayoshi na Ito Hirobumi, naye kwa miaka mingi alikuwa muhuri wao na kielelezo chao. Walipotaka watu wale nyama ya ng'ombe, ambayo mafundisho ya Kibudha yalikuwa yameifanya kuwa karaha kwa karne nyingi, ilitangazwa mwaka 1872 kwamba mfalme ameila. Walipotaka wanaume wakate nywele zao za kale, mfalme alikata zake mwaka 1873, na tangu hapo picha zake ni za mtu aliyevaa sare ya jenerali wa Kizungu. Lakini tukitafuta mahali ambapo sauti yake mwenyewe yasikika, twaipata katika safari aliyoifanya mwaka 1878 kukagua majimbo. Alizuru shule, akawasikiliza wanafunzi, na akarudi ameudhika, kwani aliona vijana waliojua kusema mambo ya Ulaya kwa ufasaha lakini wasioweza kuyaeleza kwa lugha ya kwao wala kuyatumia kwa kazi za nchi yao. Mwalimu wake wa maadili ya Konfyushi, Motoda Nagazane, aliyatia malalamiko hayo katika waraka wa mwaka 1879, ambao ulionya kwamba elimu isiyotangulizwa na adabu itawafanya watu wasahau wajibu kati ya mtawala na raia, na kati ya baba na mwana. Ito alimpinga. Mzozo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na mwisho wake ulikuwa Tangazo la Kifalme la Elimu la tarehe 30 Oktoba 1890, ambalo nakala zake zilipelekwa mashuleni zikasomwa kwa taadhima ile ile ambayo Waislamu au Wakristo huisoma kwayo Misahafu yao.

Nakiri kwamba malalamiko ya 1878 yananigusa. Nani aliyesoma katika shule zetu, kuanzia Sirisia hadi Kitale, asiyemjua kijana aliyekariri majina ya mito ya Ulaya huku hajui mto ulio chini ya shamba la babu yake unatoka wapi? Mfalme aliuona ugonjwa uliopo hakika. Ninaloliona mimi kuwa kosa ni dawa aliyokubali iandikwe, kwa sababu dawa ile haikumtaka mwanafunzi aelewe kwao; ilimtaka ainame.

Na kuinama huko kulikuja kupimwa upesi mno. Tarehe 9 Januari 1891, katika shule moja kubwa ya serikali mjini Tokyo, walimu na wanafunzi walipangwa mstari wapite mmoja mmoja mbele ya Tangazo lenye sahihi ya mfalme na kuliinamia mpaka chini. Mwalimu mmojawapo, Uchimura Kanzo, aliyekuwa Mkristo, alisita, akainamisha kichwa kidogo tu, maana dhamiri yake ilimwambia kwamba sijda ni ya Mungu peke yake. Hakutukana wala hakuondoka kwa hasira. Lakini nchi nzima ilimlaani kuwa msaliti, naye akapoteza kazi. Muda mfupi tu kabla ya hapo katiba mpya, iliyotolewa 1889, ilikuwa imeanza kufanya kazi, ikiwaahidi raia uhuru wa dini, na katika katiba hiyo hiyo mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba nafsi ya mfalme ni takatifu na haigusiki. Na vifungu viwili vya namna hiyo vikikutana katika chumba kimoja, ni dhahiri kipi kitatoka kwa mlango wa nyuma.

Miaka mingi baadaye, upande huu wetu wa dunia, mtu mwingine alikataa kuinama, na kisa chake ni kama kisa cha Uchimura kilichopinduliwa. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Kanisa la Marafiki (Quaker) kutoka Marekani, Hole, Hotchkiss na Chilson, walifika Kaimosi wakaanzisha misheni iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa ya Injili na ya kazi za mikono, na haukupita muda mrefu kikawako kiwanda cha kupasulia mbao kando ya mahali pa sala. Kutoka huko mafundisho yao yaliingia nchi ya Wabukusu hadi Lugulu na Kimilili. Sina nia ya kuwabeza; waliandika lugha zetu, walifundisha useremala na waliuguza wagonjwa. Lakini tofauti na Japani ni hii, kwamba huko msumeno wa mashine na Injili vilipokelewa mlangoni na walinzi wawili mbalimbali, kimoja kikaambiwa pita na kingine kikaambiwa ngoja, ilhali kwetu viliwasili katika furushi moja, na aliyetaka kusoma alipewa, pamoja na kibao cha kuandikia na kalamu, jina jipya la ubatizo, Mungu aliyeelezwa upya, na hukumu juu ya babu yake aliyekufa.

Elijah Masinde wa Maeni, karibu na Kimilili, alilelewa katika furushi hilo. Alikuwa mwanasoka aliyepata kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, na alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki mpaka alipooa mke wa pili akatengwa. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia alisimama kuhubiri kile kilichoitwa Dini ya Msambwa: Wele aabudiwe kwa njia ya wahenga, nyuso zikielekezwa Mlima Elgon, na wageni waondoke. Mwaka 1944 alikataa amri ya kuwaandikisha watu kwa nguvu, akakamatwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kana kwamba serikali ilikosa maelezo mengine ya Mwafrika asiyeogopa. Alipoachiwa mwaka 1947 aliwakusanya watu juu ya kilima cha Chetambe wakawatambikia waliouawa 1895. Tarehe 10 Februari 1948, hapa karibu, Malakisi, polisi walifyatua risasi katika umati wa wafuasi wake wakaua watu 11. Mwezi ule ule yeye akatiwa mbaroni, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu, ambako mtu wa mlimani alikaa zaidi ya miaka kumi akitazama bahari.

Uchimura alikataa madhabahu ya kwao kwa ajili ya imani iliyotoka ng'ambo. Masinde alikataa imani iliyotoka ng'ambo kwa ajili ya madhabahu ya kwao. Mwenye kuzipima itikadi zao kwa maneno yao tu atasema kwamba hawakupata kukubaliana juu ya lolote. Mimi nadhani walikubaliana juu ya lililo kubwa kuliko yote, yaani kwamba kuna jambo ambalo dola haina mamlaka ya kuliamuru, na kwamba jambo hilo si la kiti cha enzi. Uchimura baadaye aliwakusanya Wakristo wasio na kanisa la misheni wala uongozi wa wageni, na ninapolisoma hilo huona kwamba naye, kwa utulivu wake, alikuwa akitafuta kile ambacho Masinde alikitafuta kwa ghadhabu. Na kuhusu Masinde, ushahidi wa mambo ni kwamba uhuru ulipokuja haukumtuliza: serikali ya Waafrika iliiruhusu dini yake mwaka 1964 na kuipiga marufuku tena mwaka 1968, naye akaendelea kuingia na kutoka gerezani hata uzeeni, hadi alipofariki mwaka 1987. Wapo wanaosema kwamba huo ulikuwa ukaidi tu. Yawezekana. Walakini mtu aliyeamini kwamba Wele yu juu ya kila bendera angefanyaje alipoona bendera imebadilika rangi?

Simtakasi. Alizipinga amri za kilimo ambazo nyingine zilikuwa za kuinusuru ardhi isichukuliwe na mvua, na hakuacha nyuma yake shule wala karakana. Kukataa peke yake hakufui chuma. Kwa upande wa pili, Meiji aliiacha nchi yake mwaka 1912 ikiwa na reli, viwanda, manowari na elimu ya watu wote, na asiyestaajabu kwa hayo hana insafu. Gharama tu ndiyo isifichwe. Reli ile ya kwanza ya mwaka 1872 na yote yaliyoifuata yalilipwa na wakulima, kwa kodi ya ardhi iliyopangwa mwaka 1873 kuwa asilimia 3 ya thamani ya shamba, ikalazimika kupunguzwa hadi asilimia 2.5 mwaka 1877 baada ya maasi. Na amri ya jeshi la lazima ya mwaka 1873 iliwafanya wanakijiji waasi vile vile. Meiji naye alikuwa na akina Masinde wake, ila hao tarehe iliwameza pasipo majina.

Zaidi ya kodi, kuna jambo ambalo kila mtu wa dini apaswa kulitazama kwa makini. Serikali iliyoapa mbele ya miungu ya wahenga ndiyo hiyo hiyo iliyoanza, mwaka 1906, kuyafuta na kuyaunganisha mahekalu madogo ya vijiji, makumi ya maelfu, kwa hoja kwamba yalikuwa mengi mno, hayana utaratibu, na hayalingani na heshima ya dola. Misitu mitakatifu iliyoyazunguka ikakatwa ikauzwa. Mwanachuoni Minakata Kumagusu, bingwa wa kuvu na mimea, alipiga kelele juu ya jambo hilo hata akawekwa kizuizini. Ukisha kuyafanya matambiko kuwa nguzo ya serikali, serikali itataka kuyahesabu, kuyapanga, na kuyafuta yale yasiyoifaa. Mzimu wa kijijini, ambaye hakuna kazi aliyoifanya ila kuwalinda watu wa kijiji hicho, huonekana kuwa mtumishi mzembe. Kilichohifadhiwa kisiguswe, kumbe, hakikuwa dini ya wahenga. Kilikuwa ni utawala uliovaa joho la wahenga.

Matokeo yake yalifika hata Sirisia. Mwaka ule ule wa 1944, Masinde alipokuwa akikataa uandikishaji, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na miongoni mwao vijana kutoka wilaya hizi, walikuwa Bama, katika bonde la Kabaw, wakipigana matopeni na jeshi la Hirohito, mjukuu wa Meiji. Na kijana wa Kijapani aliyekuwa upande wa pili wa msitu alikuwa amelikariri Tangazo la 1890 tangu utotoni, kama vile kijana wa Kibukusu alivyokuwa amekariri katekisimu. Hakuna kati yao aliyekwenda pale kwa hiari ya fikra zake. Tarehe 1 Januari 1946, baada ya nchi kuunguzwa, Hirohito alitangaza kwamba kufungamana kwake na watu wake hakutegemei dhana ya kwamba mfalme ni mungu, na la ajabu ni kwamba tangazo hilo lilianza kwa kukirudia kiapo cha babu yake cha 1868, kifungu kwa kifungu.

Kama nikiulizwa ni nani basi aliyelijibu suala hili vizuri, sitamtaja mfalme wala mwasi. Ningemfikiria kwanza Maurice Otunga, aliyezaliwa Chebukwa mwaka 1923, mwana wa chifu Sudi Namachanja. Alikikataa cheo cha baba yake, akachukua upadri wa Kikatoliki, na mwaka 1973 akawa kadinali wa kwanza wa Kenya. Wako wazee walioona kwamba amekiacha kiti cha nyumbani akaifuata madhabahu ya wageni. Mimi naona kwamba alitenda kile ambacho Tangazo la 1890 lilimkataza Uchimura, yaani alichagua mwenyewe, bila kusukumwa, kipi kwake hakiguswi.

Pili, ningelitazama jando. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na rika hupokezana majina, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi na mengineyo, mzunguko ambao huchukua takriban karne nzima kabla jina halijarudi. Hakuna tangazo lililotolewa na mtawala kuamua lipi katika jando libadilike. Hata hivyo limebadilika: lilisogezwa likae katika likizo ya shule; kisu kimoja kilichowapitia wavulana wengi kimeachwa kwa hofu ya Ukimwi, na sasa kila mmoja ana chake; wengine hupelekwa hospitali, wengine hutahiriwa chini ya ulinzi wa kanisa pasipo kupakwa tope la mtoni. Mwaka wa shufwa haukuguswa. Majina ya rika hayakuguswa. Nani aliyaamua hayo? Waliyaamua baba, mama, mjomba, mchungaji na ngariba, kila nyumba kwa mabishano yake, na mabishano yenyewe hayajaisha. Mwezi wa Agosti ukikaribia, utamkuta mjomba akidai kwamba mpwa wake aje kwake apewe nyama yake kama desturi itakavyo, na mchungaji akisema kwamba nyama iliyotambikiwa haimfai Mkristo, na baba aliyekwisha kulipa fedha za hospitali akiwa katikati. Na mvulana mwenyewe, aliyerudi juzi kutoka shule ya bweni ya Kitale, akiuliza kama atakayepasuliwa wodini atahesabiwa kuwa wa rika lile lile na wenziwe wa mtoni. Mjomba husema la, baba husema ndiyo, na mara nyingi kikao huahirishwa hadi Jumapili.